Ratiba ya Klabu ya Mbio za Milimani: Namna ya Kuisoma na Kujiandaa

Kila mwanzo wa mwaka, klabu za mbio za milimani za kaskazini mwa Uingereza huwatumia wanachama wao ratiba ya miezi kumi na miwili inayokuja. Kwa mgeni, ratiba hiyo inachosha macho: majina ya vilima usivyovijua, herufi mbilimbili zisizo na maelezo, maombi ya watu wa kujitolea, tangazo la msiba, na habari za nani alishika nafasi ya ngapi kwenye matope ya Desemba. Wengi hukimbilia orodha ya mbio, wakachagua jina lililowavutia, wakajiandikisha. Usifanye hivyo. Ratiba ile ina utaratibu wake, na ukishajua kuisoma itakuambia ni mbio zipi unaziweza mwaka huu, zipi uzisubiri, na nani wa kwenda naye.

Nakuandikia wewe unayeishi Leeds, Sheffield, Manchester, Kendal au popote karibu na vilima vile, uliyezoea kukimbia barabarani na sasa umejiunga na klabu ya milimani, au bado unaizungukazunguka. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: kabla hujabandika namba kifuani, nenda siku moja ukasimame mlimani kama msimamizi wa kituo. Sababu zake nitazieleza. Lakini kwanza tuzisome herufi.

Herufi mbili

Mbio nyingi za England husajiliwa na Fell Runners Association, yaani FRA, chama kilichoanzishwa mwaka 1970. Kila mbio hupewa herufi mbili. Ya kwanza inaeleza mwinuko. A ni mbio zenye wastani wa kupanda usiopungua mita 50 kwa kila kilomita, na sehemu ya barabara isiyozidi asilimia 20 ya njia yote. B ni mita 25 kwa kilomita, barabara isizidi asilimia 30. C ni mita 20, barabara isizidi asilimia 40. Herufi ya pili inaeleza urefu: S haivuki kilomita 10, M ni zaidi ya 10 lakini haifiki 20, L ni kilomita 20 na kuendelea.

Hapo mgeni hudanganyika. Akiona AS anasoma ile S tu, anasema moyoni, "Kilomita saba, kazi ndogo." Chukua kalamu. Mbio za kilomita 7 zenye mita 420 za kupanda zina wastani wa mita 60 kwa kilomita. Lakini wastani huo umehesabu njia nzima, pamoja na kushuka. Kama nusu ya njia ni mpando na nusu ni mteremko, basi kila kilomita ya mpando inakuinua mita 120. Hapo hata wakimbiaji wazuri hutembea, wamekunja mgongo, viganja vimesukuma mapaja. Kutembea hivyo ni sehemu ya mchezo na hakuna anayekucheka. Kwa hiyo mbio za CM za kilomita 14 zinaweza kuwa nafuu kwako kuliko AS ya kilomita 7, na mtu aliyetoka barabarani ni vyema aanze na C au B.

Upande wa pili wa ngazi kuna mbio kama za Wasdale, katika Lake District, zinazokimbiwa Julai. Hizi ni AL: kilomita 34 hivi na takriban mita 2,750 za kupanda. Billy Bland aliweka rekodi pale mwaka 1982 kwa muda wa saa 3 na dakika 25, na rekodi hiyo ilidumu kwa miongo. Mtu wa kiwango chake angemaliza kilomita hizo barabarani kwa saa mbili na kitu. Pima mwenyewe tofauti hiyo inamaanisha nini kwa mtu wa kawaida.

Jihadhari pia na vipimo. Ratiba nyingi bado zinaandika maili na futi. Maili moja ni kilomita 1.6, na futi 1,000 ni mita 305. Mbio za maili 9 na futi 3,000, kama za Fairfield Horseshoe zinazoanzia Rydal mwezi Mei, ni kilomita 14.5 na mita 900 na ushei.

Baada ya herufi hizo mbili kuna nyingine ndogo ambazo watu huziruka, na hizi ndizo za kusoma mara mbili. ER maana yake mwandaaji anataka mtu mwenye uzoefu, usijaribu kubahatisha. NS maana yake lazima ujue kutumia ramani na dira. LK maana yake anayeijua njia ana faida, kwa hiyo nenda ukaipitie kabla. PM maana yake njia imewekwa alama sehemu tu, na kwingineko utajitafutia. Ukiona mbio ina A, L, ER na NS kwa pamoja, hiyo si ya mwaka wako wa kwanza, hata kama umewahi kumaliza marathoni mara nyingi.

Vifaa si mapambo

Tangazo la mbio linaposema vifaa kamili, linamaanisha koti la mvua lenye kofia iliyoshonewa na suruali ya mvua, vyote vikiwa na mishono iliyozibwa kwa utepe, kofia ya joto, glavu, ramani ya njia, dira, filimbi, na chakula cha dharura. Utakaguliwa unapochukua namba, na wakati mwingine utakaguliwa tena ukimaliza. Usiposhika sharti hilo, huruhusiwi kuanza, au matokeo yako yanafutwa.

Wakimbiaji waliotoka nchi zenye joto huona haya ni mambo ya wazee wenye hofu. Tazama hesabu ya baridi. Ukipanda mita 1,000, joto la hewa linashuka kwa nyuzi 6 hivi. Bondeni ikiwa nyuzi 10, kwenye kilele cha mita 900 ni nyuzi 4 au 5. Ongeza upepo, ongeza mvua ya ubavuni, ongeza jasho ulilolitoa kwenye mpando, kisha uteguke kifundo cha mguu na ukae chini kusubiri msaada kwa saa mbili. Aprili 2012, mkimbiaji mmoja alikufa kwa baridi katika mbio za Buttermere Sailbeck. Masharti unayoyaona leo yanasimamiwa kwa ukali kwa sababu ya siku kama ile.

Unaponunua koti, ligeuze ndani nje uangalie mishono. Koti la kuzuia upepo halina utepe. Ukiliangalia utaona nyuzi za mashine waziwazi. Koti la mvua lina ukanda laini uliobandikwa juu ya kila mshono, na ukipitisha kidole unausikia. Mkaguzi anatafuta ukanda huo, na mvua nayo inautafuta. Kama fedha ni chache, kwenye viatu nunua vya bei ya kati, lakini kwenye koti usibanie. Wanachama wa zamani mara nyingi wana makoti wasiyoyavaa tena. Uliza kwenye mazoezi ya Jumanne, utashangaa.

Viatu vya barabarani viache nyumbani. Unahitaji soli yenye meno marefu yanayouma majani yaliyoloa, na kiatu chenyewe kikushike mguu barabara, maana kwenye kinamasi kiatu kilegevu hubaki chini wewe ukaendelea.

Kuhusu chakula, neno moja kwa wasomaji Waislamu. Peremende za jeli zinazogawiwa vituoni na mwisho wa mbio mara nyingi zina jelatini ya nguruwe au ya ng'ombe ambaye hukujua alichinjwaje. Beba tende zako. Zinakaa vizuri mfukoni, hazigandi kwa baridi zikawa mawe, na zina sukari ya kutosha.

Ramani

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hapa ndipo wakimbiaji wenye mapafu makubwa kuliko ya wenzao wanapopotea.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna historia nzuri ya mbio za milimani. Patrick Kipngeno wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda huko Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022, akautwaa tena Innsbruck mwaka 2023. Rebecca Cheptegei wa Uganda, ambaye alitutoka mwaka 2024, naye alishinda Chiang Mai katika mbio za kupanda na kushuka. Lakini njia za mashindano yale zimewekwa alama mwanzo hadi mwisho. Katika mbio nyingi za Lake District hakuna utepe wala mshale. Unapewa orodha ya vilele na vituo, unajua vilipo kwenye ramani, na njia ya katikati ni juu yako. Ukungu ukishuka, na utashuka, unaona mita 20 mbele, na yule uliyekuwa unamfuata ameyeyuka. Huenda hata yeye amepotea.

Anza na ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000. Mistari ya kontua humo imepishana mita 10. Jifunze kuona umbo la ardhi kupitia mistari hiyo: ikibanana ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare, ikichongoka kuelekea mlimani ni bonde la kijito, ikichongoka kuelekea chini ni mgongo wa mlima. Fanya zoezi hili jioni moja mezani: weka kidole kwenye kilele, kishushe hadi bondeni, na useme kwa sauti utakachokiona. "Mgongo mpana, halafu ukuta wa mawe upande wa kushoto, halafu vijito viwili vinakutana." Ukiweza kuisimulia njia kabla ya kuikimbia, basi mlimani utajua mara moja kilichotakiwa kuonekana na hakijaonekana.

Halafu dira. Hatua ni chache. Ukingo wa dira unauweka kwenye ramani kutoka ulipo hadi unapokwenda. Unazungusha duara mpaka mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani. Unaishika dira mbele ya kifua, unageuka mwili mzima mpaka sindano ikae ndani ya alama yake, kisha unachagua jiwe au kichaka kilicho mbele kwenye mstari huo na kukiendea. Ukikifikia unachagua kingine. Usikimbie ukiitazama dira yenyewe, utaanguka. Zoezi hili lifanye kwanza siku ya jua, kwenye uwanja unaoujua, kisha usiku kwa taa ya kichwani. Giza ni mwalimu mzuri wa ukungu, na klabu nyingi hutumia Januari na Februari kwa mazoezi hayo. Ukiyaona kwenye ratiba, yape kipaumbele kuliko mbio yoyote ya miezi hiyo.

Kisha kuna kwenda kuikagua njia kabla ya mbio. Klabu hutangaza siku za ukaguzi, kwa kawaida Jumapili wiki mbili au tatu kabla, na watu hupeana lifti. Nenda. Utajifunza ni upande gani wa ukuta wenye njia ya kondoo iliyo kavu, na ni kijito kipi kinavukika. Ila soma tangazo kwa makini: baadhi ya njia za mbio hupita kwenye ardhi ya mkulima aliyetoa ruhusa kwa siku ya mbio tu. Tangazo likisema kipande fulani kisikaguliwe, kikwepe. Mkulima mmoja akikasirika, mbio zilizodumu miaka mingi zinaweza kufa.

Simama kituoni kwanza

Katika kila ratiba kuna mstari unaosema klabu yetu ndiyo inayoandaa mbio fulani, na watu wanatakiwa. Andika jina lako hapo kabla ya kuliandika kwingine kokote.

Msimamizi wa kituo hupanda mlimani mapema, labda saa tatu asubuhi, akiwa na nguo za kutosha kukaa saa tatu au nne bila kutembea. Ana karatasi, penseli na redio au simu. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyoloa. Wa kwanza wanapita mmojammoja, una muda wa kuandika namba kwa raha. Halafu linakuja kundi la watu arobaini kwa dakika moja, mvua inapiga, mikono imefunika namba kifuani, na unapiga kelele, "Namba! Namba!" Mmoja wenu anaandika, mwenzake anasoma. Mwisho wanakuja wa nyuma, unawatazama usoni. Unamuuliza mtu jina lake na anatoka wapi, si kwa mazungumzo tu. Anayejibu kwa kukokota maneno, anayetetemeka au, vibaya zaidi, aliyeacha kutetemeka na koti lake bado liko mkobani, huyo mvalishe koti na umsimamishe.

Wa mwisho akishapita, mnahesabu. Waliopita kituo cha pili ni 187, kituo cha tatu wamepita 186. Mmoja yuko wapi? Kila mtu mlimani anabaki hapo alipo mpaka huyo mmoja apatikane. Mara nyingi amechoka, ameshuka kwa njia ya mkato, amepanda gari lake na kwenda nyumbani kuoga. Ndiyo maana sheria inayoshikwa kuliko zote ni hii: ukiacha mbio, lazima ufike kwenye mstari wa mwisho au umwambie msimamizi, umpe namba yako. Anayeondoka kimya huweza kuwatoa nje watu wa kikosi cha uokoaji usiku, na wale ni watu wa kujitolea wasiolipwa, wengine wakimbiaji wenzako. Ukisimama kituoni mara moja ukasubiri namba moja isiyofika, sheria hiyo hutaisahau tena maisha yako.

Kuna faida nyingine. Utaona kwa macho yako jinsi watu wa kila kiwango wanavyopanda na wanavyoshuka. Tazama miguu ya wanaoshuka vizuri: hatua fupi na za haraka, magoti yamelegezwa, mikono imepanuliwa pembeni, macho yako hatua nne au tano mbele, si chini ya vidole. Anayeogopa huegemea nyuma, kisigino kinatangulia, na majani yaliyoloa humwangusha. Hili utalifanyia mazoezi kwenye kilima kidogo chenye nyasi, ukipanda kwa kutembea na kushuka mara sita au nane kila wiki. Mapafu pekee hayatakusaidia kushuka.

Miezi inavyofuatana

Januari hadi Machi ni wakati wa mbio fupi na mazoezi ya usiku. Mwanzoni mwa Januari jua linazama saa kumi hivi jioni, kwa hiyo taa ya kichwani iwe na chaji. Mwezi Machi mbio kubwa zinaanza, kama Black Combe upande wa bahari ya magharibi na Edale Skyline katika Peak District. Theluji bado inawezekana katika zote mbili.

Mwisho wa Machi saa hubadilishwa, na Aprili jioni zinarefuka. Haworth, kule Yorkshire, kuna mfululizo wa mbio fupi za jioni zinazoitwa Bunny Runs, ambazo zawadi zake ni mayai ya chokoleti. Hizo ni mwanzo mzuri kwako na kwa watoto. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kwa desturi ndipo zinapokimbiwa Three Peaks za Yorkshire, zilizoanza 1954, zinazopita Pen-y-ghent, Whernside na Ingleborough. Ni mbio ndefu na hutaka uthibitisho wa uzoefu, lakini njia yake ni rahisi kufikiwa na watazamaji. Miezi hii ndiyo ya kondoo kuzaa. Mbwa afungwe kamba, malango yafungwe kama ulivyoyakuta, na kondoo mwenye mwana umzungukie mbali.

Mei hadi Agosti kuna mbio karibu kila Jumatano jioni, na kiingilio cha mbio fupi ni kidogo ukilinganisha na mbio za barabarani, mara nyingi unalipa siku hiyo hiyo uwanjani. Usipoteze majira haya. Mbio sita au saba fupi za jioni zitakufundisha zaidi ya mbio moja ndefu inayokuvunja mwili kwa mwezi. Kupe nao wako wengi kwenye magugu marefu; ukirudi jikague nyuma ya magoti na kinenani, mng'oe kwa kibano bila kumminya, na ukiona duara jekundu linapanuka kwenye ngozi siku zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie uliumwa na kupe.

Juni na Julai utaona tangazo la aina nyingine: mwanachama fulani anajaribu Bob Graham Round, anatafuta wasindikizaji. Mwaka 1932 Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, alivipita vilele 42 ndani ya saa 24, akianzia na kumalizia Moot Hall katikati ya mji huo. Ni kilomita 106 hivi, na jumla ya kupanda ni takriban mita 8,200, yaani zaidi ya mara mbili ya kutoka lango la Marangu hadi Kilele cha Uhuru. Hakuna aliyeirudia mpaka 1960. Leo, ili uandikishwe kwenye klabu ya waliofanikiwa, lazima kila kilele kiwe na shahidi aliyefuatana nawe, ndiyo maana wasindikizaji wanahitajika katika kila kimojawapo cha vipande vitano vya njia. Jitolee kubeba mzigo kwenye kipande kimoja unachokiweza. Utamlisha, utambebea maji, utamshikia muda, na mwenye kuongoza njia atakuonyesha mistari ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Naona hii ni shule bora kuliko mafunzo yote ya kulipia.

Agosti kuna sherehe za vijiji. Burnsall, bonde la Wharfe, wanakimbia kupanda kilima na kurudi kwa muda usiofika robo saa kwa walio mbele. Ernest Dalzell alitumia dakika 12 na sekunde 59.8 pale mwaka 1910, na haikuvunjwa hadi 1977. Nenda na familia. Kuna mbio za watoto, keki na mashindano ya kila aina. Septemba ni ya Ben Nevis kule Scotland, kupanda hadi mita 1,345 na kurudi mjini Fort William, ambako Kenny Stuart mwaka 1984 alitumia saa 1, dakika 25 na sekunde 34.

Oktoba ni mwezi wa kupokezana, na mimi naupenda kuliko miezi yote. Mashindano ya kupokezana ya Uingereza yana watu sita kwa timu katika vipande vinne: wa kwanza mtu mmoja, wa pili wawili, wa tatu wawili, wa nne mmoja. Kipande cha tatu ndicho cha ramani: wanaokikimbia hawajui vituo vyao mpaka wanapoondoka, hupewa ramani mkononi na kuanza kutafuta. Klabu hupeleka timu za wanawake, wanaume, mchanganyiko na wakongwe, kwa hiyo nahodha huwa anahesabu vichwa kuanzia Agosti. Mwambie mapema kwamba upo, umwambie na kiwango chako kwa ukweli. Nafasi mara nyingi hupatikana wiki ya mwisho mtu akiumia.

Novemba ni mkutano mkuu na chakula cha jioni cha klabu. Desemba kuna mbio za sikukuu, na tarehe 31 watu hurudi Haworth kwa mbio za Auld Lang Syne, wengine wamevaa mavazi ya kuchekesha.

Siku yenyewe, na baada yake

Usiku kabla ya mbio, soma utabiri wa hali ya hewa wa milimani, si ule wa mjini. Angalia mambo matatu: kasi ya upepo kileleni, kimo cha mawingu na joto la kileleni. Mawingu yakiwa chini ya kimo cha vilele vyako, andaa dira mkononi tangu mwanzo. Mwandaaji anaweza kubadilisha njia asubuhi hiyo. Sikiliza maelezo yake mpaka mwisho hata kama unataka kupasha misuli.

Ajali ikitokea, msaidie aliyeumia kwanza. Mbio zako zimeishia hapo na hakuna atakayekulaumu. Filimbi inapulizwa mara sita ndani ya dakika, kisha unanyamaza dakika moja, kisha unarudia. Kwa simu, piga 999, omba polisi, halafu useme unataka kikosi cha uokoaji wa milimani. Sajili simu yako leo kwa kutuma neno "register" kwenda 999, kwa sababu kuna mahali ujumbe mfupi hupita na sauti haipiti.

Ukirudi salama, mhariri wa habari za klabu anakusubiri, kwa kawaida mpaka Jumapili jioni. Usimtumie muda wako peke yake. Mwandikie herufi za mbio, hali ya ardhi, majina ya wanachama wote waliokimbia kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na waliosimama vituoni pia, maana hao hawapo kwenye matokeo. Mtaje mkulima aliyetoa uwanja wa kuegesha magari. Na kama uliona ngazi ya kuvukia ukuta imevunjika, au mawe ya ukuta yameporomoka pale watu walipovuka, toa namba za gridi za ramani za mahali hapo, ili mwandaaji ampigie mkulima kabla kondoo hawajapenya kwenda kwa jirani.